Kinachoubana Mshipa wa Fundi

"Sista, wodi nzima hii hakuna anayeulinda mkono kama mimi," fundi cherehani alijigamba, amejinyoosha kwenye kiti cha kusafishiwa damu kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha. "Mzigo sibebi, saa sivai. Kila asubuhi, hata uso sijanawa, nagusa mshipa nausikia unavuma. Nyuki watupu!"

Muuguzi hakucheka. Vidole vyake viwili vilikuwa juu ya ule mshipa uliounganishwa na daktari kwa ajili ya mashine. Akavisogeza, akavirudisha. Nyuki hawakuwepo. Palikuwa na kugonga tu, dug, dug, kama mtu anayebisha hodi akijua hafunguliwi.

Fundi alijua. Wiki ya pili hii, kila asubuhi alivisingizia vidole vyake ganzi. Mshipa wa mkono wa kulia ulishaziba mwaka juzi. Ukiziba na huu, atawekewa mrija wa shingoni, na daktari hakumficha hatari ya mrija huo.

"Umeanza lini kuwa hivi?"

"Jana. Au leo. Labda nimeulalia."

"Baba, nisikilize. Ukiwa unasinyaa, leo hii watautanua kabla haujaziba. Lakini nisipojua kinachoubana, wiki ijayo tutarudi palepale." Akagusa alama iliyozunguka mkono, juu kidogo ya kifundo cha mkono. "Na huu mstari?"

"Mkunjo wa shati."

"Shati la mikono mifupi?"

Fundi akalitazama shati lake, alilolishona mwenyewe, likamsaliti.

Kwenye kiti cha jirani alilala dereva mstaafu, ambaye kwake kila mtu ni shemeji. Walidhani amesinzia. Akasema bila kufumbua macho:

"Shemeji, Jumamosi nilipokuja kwako kupimwa suruali, kile kimto chako cha kuchomekea pini kilikuwa wapi?"

"Mezani."

"Mkononi! Hapohapo, kimefungwa kwa lastiki. Nikakuuliza, hakikubani? Ukanijibu eti kisipobana kinazunguka."

"Wewe si ulikuwa unapimwa kiuno?"

"Kiuno, shemeji. Macho sikuyavua." Sasa aliyafumbua, yakamtulia fundi usoni. "Kwenye kiti hicho nimeshaaga majirani wawili. Wewe sitaki kukuaga."

Mashine zilinguruma. Muuguzi alikuwa ameshainua simu ya ukutani kumwita daktari, mkono mwingine ukiziba pa kusemea.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu tuanze kushona sare za shule," fundi akasema, akitazama sakafu. "Mwezi sasa."