Viraka vya Nguzoni

Fundi cherehani alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona tundu, lazima alizibe. Alipofiwa na mumewe, alizunguka nyumba nzima akiziba kila alichokiacha mzee wazi: ufa wa dirisha, chandarua, hata matundu ya nguzo kavu iliyoubeba mpasheni. Mumewe alikuwa haambiliki kuhusu nguzo hiyo. "Iache," alizoea kusema, na mkewe akamwita mvivu miaka ishirini.

Tangu hapo mpasheni, ambao mzee aliupanda kwa mikono yake, ulichanua na kupukutisha maua yote. Mwanawe akatoa hukumu.

"Mama, msimu ujao usipozaa naukata. Hapo panafaa tangi la maji."

"Sawa," alijibu kwa mdomo tu. Moyoni ilimuuma, kwa kuwa mpasheni ndicho kitu pekee cha mumewe kilichokuwa bado hai.

Akaenda kwa wifi yake, dada wa marehemu, mwenye kitalu cha miche, kutafuta maua ya kuvuta nyuki, maana alisikia ua lisilotembelewa na nyuki halizai. Moja kwa moja akashika waridi lenye marinda tele.

"Weka chini," wifi akamwambia. "Gauni hilo halina zipu. Nyuki ataingilia wapi?"

"Lakini linapendeza, wifi!"

"Linakupendeza wewe. Unawanunulia nyuki au unajinunulia? Hebu kaa kwenye kigoda hapo, uangalie nani anatua wapi."

Alikaa saa nzima, kanuna. Kwenye waridi hakutua hata nzi. Kwenye mrehani, rozmari na mlimau, nyuki walipishana kama wateja wa siku ya mwisho kabla ya sikukuu. Akabeba miche ya yote mitatu, na mbegu za mbaazi za kupanda kando ya ukuta.

Miezi ikapita, bustani ikavuma kuanzia asubuhi. Mpasheni nao ukachanua, na maua ya kwanza yakaanguka vilevile. Wifi akaitwa kuja kujibu mashtaka.

"Hawa wadogo hawaliwezi ua la pasheni," alijitetea. "Linamtaka yule mkubwa mweusi, anayetoboa mbao akakaa humo. Si huyo?"

Nyuki mmoja mkubwa alitoka kwenye mbaazi, akaenda nguzoni, akajigonga, akarudi nyuma, akajigonga tena. Wifi akainama kutazama. Tundu lilikuwa limejazwa kitambaa cha maua na gundi, kazi safi kabisa.

"Wifi, kiraka hiki ni cha nani?"

Fundi aliangalia pembeni.

"Kaka yangu alikuwa akisema matundu haya yana wenyewe."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Angekwambia saa ngapi, nawe unamwita mvivu?"

Fundi alikwenda kuchukua sindano ya kushonea magunia, akapiga magoti mbele ya nguzo, akafumua viraka vyote kimoja kimoja. "Nisamehe, baba watoto," alisema, akilia na kucheka kwa pamoja.

Mwanawe alipokuja na panga, alikuta pasheni kumi na moja za kijani, na nyuki mweusi aliyemtoa mbio mpaka getini. Suruali ikanasa kwenye msumari, ikachanika gotini.

Mama yake aliutazama mchaniko ule, kisha akaitazama nguzo.

"Nitaishona kesho," alisema, akaendelea kumwagilia mti wa mumewe.