Dume la Carama

Uani kwa Bibi Kaltum, hapa Buyenzi, kuna mtende jike. Kila mwaka babu Obeid alikuwa anaweka ngazi, anapanda, anauchomekea vijiti vya maua ya dume, na Ramadhani ikifika tunafungulia tende zake. Mwaka huo wa 1995 babu tulimzika mwezi wa sita. Mwezi wa nane mtende ukachanua.

"Twahiru, wende mtaa wa Carama kwa Muadh, mwenye ule mtende dume, ulete maua yake," Bibi akaniambia. "Maua haingojake mutu."

"Bibi, sasa mi ni mshenga wa miti?"

"Cheka tu. Bila dume tutafungulia makapi."

Kabla shule haijafungwa kwa sababu ya vita, mwalimu Callixte alitufundisha kwamba maua ya kale yalikuwa na mume na mke ndani ya ua moja. Halafu mimea mingine ikatengana, dume kwake, jike kwake, isijizalishe yenyewe. Nilimuuliza mahari alilipa nani, akanitoa darasani. Bariyeri, vile vizuizi vya vijana wenye mapanga njiani, hakuzitaja.

Muadh alikuwa ameshakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mtende wake niliukuta kabla sijafika kwake: vijana wameukata, wameulaza barabarani, ndiyo bariyeri yao. Zénon, tuliyekaa naye dawati moja, ameukalia, panga mapajani. Kule kichwani mwa mti karara moja la maua limepasuka, linamwaga unga mweupe kwenye vumbi.

"We Twahiru, unatafuta nini huku?"

"Bwana harusi. Umemukalia."

Wenzake wakacheka. Yeye akasimama, akanyanyua panga. Nililitazama kama mtu anavyotazama mvua ya kwa jirani. Likashuka kwenye karara. Akanitupia.

"Beba. Ukirudi tena, mi sikujui."

Nikabeba. Nikapanda ngazi ya babu, nikachomeka vijiti kama alivyokuwa akifanya.

"Dume ya Muadh ni mzima?" Bibi akauliza kutoka chini.

"Imelala tu, Bibi."

Ramadhani ikaingia mwezi wa kwanza. Ziliiva tende kumi na nne. Jioni ya kwanza tulizimaliza, na Bibi akakusanya kokwa zote kwenye sahani.

"Panda. Zingine zitatoka dume."

"Zipi?"

"Haijulikane mpaka zichanue. Miaka mitano, sita."

Nikachimba mashimo kumi na manne kando ya ukuta. Upande wa Carama bunduki zilikuwa zinalia. Bibi akaniambia nisisahau maji. Nikamwagia.