Zamu ya Ramize

Siku ya pilipili, mtaani kwetu hakuna anayekaa kama mgeni. Leo uani kwangu, kesho kwa jirani, wanawake tunazungukiana mpaka kila nyumba ijaze chupa zake za ajvar, rojo ya hoho za kuchoma, ya kulia mkate wakati wa baridi. Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Ramize alifika alfajiri, akawasha moto na kuanza kuchoma hoho nyekundu kabla sijamaliza kumvisha mwanangu Kalina viatu.

Ramize ni Mroma, wale ambao wengi huwaita Wajipsi, anakaa ng'ambo ya reli. Jumanne na Alhamisi hunishikia mtoto nikienda masomo ya jioni. Mwanangu humlilia akiondoka.

Kufika saa sita sufuria ilikuwa inatokota. Mama mkwe alikuwa anamenya hoho, mimi nakoroga.

"Koroga, mke wa Goce, acha kuibembeleza!" Ramize alinitania.

"Mkono umekufa ganzi, dada."

"Mkono wa kalamu huo. Upe daftari upumzike!"

Tukacheka. Kalina, midomo myekundu kwa ajvar, akamvuta Ramize sketi.

"Shangazi, kwa nini ninyi hampiki ajvar?"

"Sisi akina nani, kipenzi?"

"Wa ng'ambo. Mama anasema watu wale hula cha leo, kesho wakaomba."

Mama mkwe akainamia hoho zake kama aliyedondosha sindano.

Niliyasema lini? Labda nikianika nguo, labda nikimenya viazi. Yalikuwa maneno ya kupita tu, na mtoto wa miaka minne akayaokota.

"Dada, sikukusudia wewe," nikasema haraka. "Wewe si kama wao."

Nilidhani nimemsifu. Akauchukua mwiko mkononi mwangu, akaufuta taratibu.

"Mama yangu ni wao. Binti yangu ni wao. Ukinitoa hapo, Bisera, nibaki na nani?"

Akaanza kukoroga yeye mwenyewe.

"Kwangu tulichoma kilo sitini wiki iliyopita. Huu mwaka wa nne nakuja kwako. Umewahi kuniuliza zamu yangu lini?"

Sikuwahi. Haikunijia hata siku moja kwamba anayo.

Heri angeondoka. Lakini kwetu sufuria iliyoanza haiachwi, akakoroga mpaka mwisho, akajaza chupa, akakaza vifuniko. Nilipompa zake tatu akasema, "Ninazo," akavuka reli.

Jumanne hakuja. Kalina alisimama dirishani mpaka pua ikaacha alama kwenye kioo. "Shangazi amekasirika?"

"Mama ndiye aliyekosea," nikamwambia. Maneno hayo yalikuwa magumu kuliko mtihani wowote.

Alhamisi sikwenda darasani. Nilichukua aproni na kisu, nikamshika mtoto mkono, tukavuka reli. Uani kwa Ramize moshi wa hoho ulikuwa umetanda, naye na bintiye wamekaa kati ya magunia mawili.

"Zamu ya nani leo?" nikauliza mlangoni.

"Ya binti yangu." Hakuinuka. Kalina alikwisha kumrukia mapajani.

"Naomba nimenye."

Akanisukumia kigoda kwa mguu.

"Mwangalie vizuri," akamwambia bintiye, bila kucheka. "Watu wa upande ule huacha maganda."

Uso ulinichoma, nikakaa. Kila hoho niliipitia mara mbili, nikitafuta ganda.