Kosta, Kuku na Isale

Mimi sikumtukana mtu. Naanzia hapo kabisa, kwa sababu huku Kibosho maneno yakishapita vilabu viwili vya pombe ya mbege yanarudi yameota mikia. Nilichofanya ni kumwambia Madam Victoria ukweli, tena kwa lugha nzuri, kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi wa shule yake. Kama ulimchoma, shauri yake.

Ilikuwa hivi. Korona ilipofunga shule, sisi madereva tuliambiwa tukapumzike nyumbani mpaka hali itakapotengamaa. Mshahara nao ukapumzika. Nikarudi kihambani, kwenye migomba yetu, kukata majani ya ng'ombe, nasubiri. Nimesubiri weee, siku moja Madam akatuma picha kwenye grupu. Ndani ya Kosta yangu, ile ya njano niliyoiendesha miaka tisa, kumejaa kuku. Wamepanga mstari kwenye viti vya watoto, na jogoo amekaa kwenye kiti changu kama ndiye mwenye leseni. Chini yake Madam kaandika: "Ubunifu wakati wa changamoto. Tujifunze kujiongeza."

Nikajiongeza. Nikaandika: "Hongera Madam. Hatimaye shule imepata bodi inayolingana na mkurugenzi wake."

Nikaondolewa kwenye grupu hata simu sijaiweka chini.

Halafu ikatangazwa kwamba shule zinafunguliwa. Kila jirani ananiuliza, "Baba Ruth, unaanza lini?" Madam hajaniita. Nisiwadanganye, niliumia. Kila alfajiri naamka saa ile ile, navaa koti, halafu nakumbuka. Kuna katoto ka darasa la pili kanaitwa Tabitha, kalikuwa kakipanda gari lazima kanifungulie mdomo kanionyeshe jino lililong'oka. Nikawa nawaza, haka katoto sasa kameota meno mapya na mimi sijayaona.

Mke wangu Lukresia wala hakunionea huruma.

"Chukua isale uende," akasema.

"Niombe msamaha kwa kosa gani? Kuku wapo, picha ipo!"

"Nani kakuuliza kosa? Unataka kazi au unataka haki?"

Akakata isale pale kwenye mpaka wa kihamba, jani refu la kijani, akalifunga fundo kama wazee wanavyofunga. Isale likishaletwa mlangoni, Mchagga hakatai. Hata kama umemfyekea migomba yote, atapokea na atasamehe. Na Madam, pamoja na Kiingereza chake chote kile, ni mtoto wa Marangu.

Nilipofika kwake Rau nikamkuta Shedrack, dereva wa Kosta ya pili, kanitangulia. Yeye hakuleta jani. Kang'oa shina zima na mizizi yake, udongo unamdondokea kwenye suruali.

"Na wewe ulisema nini?" nikamuuliza.

"Sikusema kitu. Niliweka tu kile kikatuni cha kucheka kwenye ujumbe wako."

Madam akatoka, barakoa iko kidevuni. Akapokea jani langu, akapokea na ule mti wa Shedrack, akajifuta jicho. "Nimewasamehe wote wawili," akasema. "Toka moyoni, mbele za Mungu."

"Aika, Madam," nikamshukuru. "Kwa hiyo Jumatatu..."

"Nimewasamehe. Kazi ni kitu kingine."

Kumbe Kosta yangu ilishaoshwa na kupewa Jesse, mtoto wa dada yake aliyerudi toka Dar na leseni inayonukia upya. Ile ya Shedrack haitoki, maana kuku wameshahamishiwa humo na wanataga vizuri. Shedrack akapewa kazi ya kuwalisha, akakubali palepale. Mpaka leo anasema hajaacha udereva, kwa sababu chai yake anainywea kwenye usukani. Mimi nikapewa trei ya mayai. Nikaibeba hadi Kibosho, nimenuna.

Jesse alidumu siku mbili. Madam alikuwa amewaahidi wazazi kwamba watoto watakaa mbalimbali, kwa hiyo kila kiti cha pili kilipigwa alama nyekundu ili kibaki kitupu. Jesse akaona hiyo ni hasara. Jumanne akapakia kina mama wa ndizi wanaoshuka sokoni Mbuyuni, mmoja kila alama. Tabitha akafika shuleni amepakata mkungu, mwenzake kakumbatia ndoo ya maziwa. Wazazi wakavamia shule kule Pasua, wakapiga kelele mpaka, kwa maelezo ya Shedrack, kuku wakasusa kutaga.

Jumatano jioni niko nakoroga pumba za ng'ombe, nikamwona Madam anapanda kwa miguu, viatu mkononi, tope mpaka kwenye magoti. Akafika, akanyoosha mkono. Isale.

Nikalitazama vizuri. Haki ya Mungu, lilikuwa lile lile langu! Fundo la Lukresia nalijua, na ncha imeshaanza kukauka. Mtu ana shule, ana Kosta mbili, ana kuku wasiohesabika, kashindwa kukata jani jipya!

"Ebenezeri, nilikukosea," akasema. "Shedrack siwezi kumtoa, kuku wamemzoea. Naomba urudi."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Ningefanyaje? Mchagga hakatai. Nikavuta pumzi, nikalitoa lile neno lililoninyima usingizi.

"Nimekusamehe, Madam. Kazi ni kitu kingine."

Jamani, raha! Nilijisikia mrefu kuliko migomba. Raha hiyo ikadumu mpaka Madam aliposema, "Haya, sawa. Nitamchukua yule dereva wa Majengo," akageuka, akaanza kushuka kweli.

Nikamtazama Lukresia. Kasimama mlangoni, ananinyooshea mwiko kuelekea alikoshukia Madam. Nikatazama koti langu kwenye msumari. Nikayafikiria meno ya Tabitha.

"Madam! Madam, subiri!"

Nikateremka mbio na ndala moja, nyingine imebaki kwenye tope. Nikamkuta penye mfereji, nahema, nikamnyooshea lile lile isale, sasa limechanika, limebaki fundo na nyuzi.

Akalitazama. Akanitazama. "Umekosa nini tena?"

"Sijui, Madam. Chagua wewe."

Akalipokea, akalitia kwenye pochi. Hatupi kitu yule mama. "Nimekusamehe," akasema. "Kesho saa kumi na moja alfajiri. Pitia kwanza kwa Shedrack ubebe trei za mayai, utawauzia wazazi ukiwa unachukua watoto. Zipange kwenye vile viti vyenye alama."

Nilikuwa na jibu. Zuri sana, tena kwa lugha nzuri. Nikalimeza.

"Aika, Madam."

Asubuhi yake Tabitha akapanda, akaniona, akapiga yowe la furaha mpaka matroni anayesindikiza watoto akashtuka. Akafungua mdomo. Mawili mapya, ya mbele, makubwa. Machozi yakanilengalenga, nikageukia kioo. Kisha nikamwambia akae vizuri, asije akavunja mayai ya watu.