Rimoti Mfukoni

Rimoti ya kiyoyozi ilikuwa mfukoni mwangu, na daktari alikuwa anatuonyesha shingo ya dada yangu inavyowaka.

"Hapa na hapa," alisema, kalamu ikigonga kioo cha kompyuta. "Kabla ya dawa, ugonjwa ulikuwa shingoni na kifuani. Kifuani pametulia. Shingoni panawaka kuliko mwanzo."

"Maana yake?" dada akauliza.

"Kama kinachowaka ni ile saratani yako ya tezi, dawa hazijaiweza. Itabidi tuhamie zile kali. Na zile, mwanangu, nilikwambia, zinaweza kukufungia uzazi."

Dada hakulia. Bwana hajampata bado, lakini majina ya watoto ameshachagua, sita. Nyumbani tunamcheka kwa hilo.

Nikaigusa rimoti mfukoni. Juzi walimchoma sindano ya sukari yenye mionzi kidogo. Seli zenye kazi nyingi huila, halafu mashine inaziona zikiwaka. Nesi akamlaza: saa nzima, usiongee, usitikisike. Jamani! Mtu aliyenitilia chumvi kwenye chai asubuhi ileile, sasa haruhusiwi hata kunitukana! Nikaiokota rimoti, nikasimama mlangoni, nikaongeza baridi hadi mwisho. Shuka lake lilikuwa jepesi kama leso. Akanitolea macho, meno yanagongana. Nikacheka, nikaondoka nayo.

"Daktari," nikasema, "baridi inaweza kuharibu picha?"

Akageuka. "Baridi gani?"

Nikaiweka rimoti mezani.

Dada akaitazama, akanitazama. "Kiroboto," alisema taratibu, "nikipona nakuua."

"Mwili ukipigwa baridi," daktari akasema, macho kwenye picha, "kuna mafuta shingoni yanachoma sukari ili yajipashe joto. Huwaka pande zote mbili, sawasawa, kama hivi. Ulinganifu huu ulinitia shaka. Lakini chini ya mwanga wote huu siwezi kuona tezi zikoje. Huenda zimepona, huenda zimejificha. Tunarudia. Na wewe kijana utakaa getini."

Mama aliposikia hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzaha mzaha hutumbua usaha," akakata simu. Afadhali angenitukana.

Siku ya marudio nilimwona dada kwa mbali akiingia na mablanketi matatu na soksi za sufu, jua kali. Siku ya majibu nilikaa getini tena. Mlinzi alinipa kiti, nikashindwa kukikalia.

Akatoka peke yake. Uso mkavu. Akapita mbele yangu kama hanioni.

"Dada."

Akaendelea kutembea.

"Dada, niambie."

Akasimama. "Wamebadilisha."

Nikakikumbuka kiti cha mlinzi, nikakikalia.

"Wamebadilisha nini?"

"Rimoti. Sasa imefungwa mnyororo ukutani." Akaniacha nihesabu pumzi zangu, moja, mbili, tatu. "Shingoni giza tupu. Dawa ni zilezile."

Nikaangua kilio pale getini, mbele ya mlinzi.

"Hiyo ilikuwa ya baridi," akasema. "Ya kunitisha bado hujalipwa."