Kivuli Kisicho na Mwenyewe

Picha ya kumdanganya Jicho ilikuwa haijapigwa. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema hata bila kuombwa. Mpe picha yoyote, aliapa, naye atakuonyesha nani amekatwa, nani amebandikwa na nani ameongezewa nywele. Watu walimwamini, maana bingwa wa uongo huo alikuwa yeye. Katika chumba chake kidogo cha kupigia picha, chenye kitambaa cheupe ukutani na kigoda kinachoyumba, aliwang'oa wateja kwenye picha zao na kuwapandikiza walikotamani. Mwenye baiskeli akaegemea gari jekundu. Mzee anayeogopa hata ngazi akasimama ukingoni mwa maporomoko, mikono mfukoni, kama anasubiri chai. Dada mmoja alipelekwa mwezini akaenda na mkoba wake.

Basi mchumba wake, mwalimu wa chekechea, alipomtumia picha ya kuweka kwenye kadi ya harusi, Jicho aliifungua huku anapiga mluzi. Kazi ya kitoto. Azungushie mstari, amtoe ukutani, ampande katikati ya maua, kisha ajipande na yeye kando yake akiwa ameshanyoa. Jumamosi wazee wa pande mbili wangekutana kupanga siku, na kadi ilitakiwa iwe mezani waione.

Mstari ulipofika kwenye kiwiko, mluzi ukakatika.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na nyufa mbili zinazofanana, mkunjo kwa mkunjo, kama pacha. Sasa, ukuta huwa hauzai pacha. Mtu alikuwa amenakili kipande cha ukuta akakitumia kufunika kitu. Jicho akashusha macho chini, na huko ndiko alikopata homa. Mfutaji, kwa haraka zake, alikuwa amesahau ardhi. Kando ya kivuli cha mchumba kililala kivuli kingine, mabega mapana, kichwani kitu kama kofia, na juu yake hakuna mtu.

Akampigia mchumba simu na kuzunguka mbuyu. Picha nzuri kweli, nani aliipiga? Mdogo wake. Walikuwa wangapi pale?

"Mimi na mdogo wangu tu. Kwani picha ina nini?"

"Haina kitu."

Mchumba akacheka, lakini kicheko kilichelewa, kama mgeni aliyepotea njia. Kama Jicho angeuliza neno moja tu, kwamba hicho kivuli ni cha nani, hadithi ingeishia hapa na sisi tukaendelea na shughuli zetu. Lakini mtu mwenye jicho haulizi. Anachunguza.

Akapima mabega ya kivuli kwa rula juu ya kioo cha kompyuta, akatoa hukumu: mwanamume, tena wa shoka. Tangu hapo kila mwanamume aliyepita mtaani alitazamwa chini kwanza, uso baadaye. Fundi viatu wa jirani alitoa salamu, hakujibiwa, ila kivuli chake kilikaguliwa mpaka kwenye ndala. Mchumba alipoandika kuuliza habari za kadi, alijibiwa "inakuja". Alipoandika kuuliza kama kuna tatizo, alijibiwa "sawa", jambo ambalo hata silo jibu.

Ndipo likamjia wazo, na lilikuwa wazo la mtu aliyekosa usingizi. Nusu ya mtaa ilikuwa ndani ya kompyuta yake: picha za pasipoti, za vikundi, za sherehe za watoto. Kwa nini ahangaike na vivuli barabarani? Atawakata wanaume mmoja mmoja na kuwajaribisha kwenye lile pengo juu ya kivuli, kama mtu anavyojaribu viatu.

Alianza na kinyozi. Mwembamba mno, kivuli kilimwagika pande zote mbili. Fundi viatu alikuwa mfupi. Binamu wa mchumba alienea mabegani lakini kichwa kilizidi. Jicho akampunguza kidogo, halafu dhamiri ikamsuta, akamrudishia urefu wake. Kisha akamfikia seremala.

Seremala ndiye aliyetengeneza viti vidogo vya darasa la mchumba. Katika picha ya sherehe moja alikuwa amevaa kofia, anatabasamu, mkono juu ya bega la rafiki yake. Jicho akamng'oa, rafiki akabaki huko, mkono ukaning'inia hewani ukitafuta pa kutua. Akamsogeza taratibu kuelekea pengoni. Mkono ukatua begani kwa mchumba kana kwamba ndiko ulikozaliwa.

Hapo angeacha. Lakini fundi ni fundi. Akalainisha kingo, akapunguza mwanga kwenye paji la uso, akatia vumbi kidogo kwenye viatu. Kisha akatoka kwenda kunywa maji, na aliporudi, akiwa bado mlangoni, akawaona: mchumba wake na seremala, wameegemeana, wana raha zao.

"Kumbe," akasema.

Aliyeuweka ule mkono pale alikuwa ameshamsahau.

Ijumaa akaingia mama mkwe mtarajiwa, mpishi wa hosteli, mama asiyejua kunong'ona. Jicho akasimama, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba ya mwanangu, akavuta kigoda. Mama alitaka kuiona kadi kabla ya wazee kuiona. Jicho aliona afadhali aibu ya watu wawili leo kuliko ya ukoo mzima kesho. Akageuza kioo.

"Nisamehe, mama. Sikutaka uione. Lakini ndiyo hali yenyewe."

Mama akavaa miwani. Akatazama, akavua, akaifuta kwa upindo wa nguo, akavaa tena.

"Hii umeipata wapi?"

"Nimetumiwa."

"Na nani?"

"Msamaria mwema tu, mama. Hapendi kutajwa."

"Akaituma hivi hivi? Na seremala ndani?"

"Hivi hivi." Akaongeza kwamba ameikagua kwa jicho lake mwenyewe, na hakuna mahali ilipounganishwa.

Mama akamwambia asogeze karibu pale miguuni. Akasogeza. Kivuli kikajaa kioo kizima.

"Hiki ni changu," mama akasema.

Akaeleza bila haraka, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Siku hiyo alikuwa na dawa ya nywele kichwani na mfuko wa plastiki juu yake, na kwa baridi alijitupia koti la mumewe. Akatoka kuwagombeza mabinti walioacha maji yakichemka mpaka yakaisha. Yule mdogo akabonyeza simu. Mama alipojiona akamwapisha binti yake mkubwa: amfute, na mkwe akiuliza, aambiwe hakukuwa na mtu. Mkwe hawezi kumwona mama wa mchumba wake akiwa na mfuko kichwani.

Jicho akaanza kusema kwamba huenda zilikuwa picha mbili. Mama akamtazama juu ya miwani.

"Mwanangu, nilisimama hapo kwa miguu yangu. Huyu seremala alinikanyaga lini?"

Mkono wa Jicho ukatambaa kuelekea kwenye kipanya.

"Usifute," mama akasema. "Chapa."

Akachapa. Karatasi ikatoka polepole, kofia kwanza, halafu tabasamu.

"Ibebe. Tunaanza kwa seremala, umwonyeshe siku hiyo alikuwa wapi. Mkewe huwa yupo pale karakana, naye asikie. Tukitoka huko tunakwenda nyumbani, umwonyeshe binti yangu, na ya msamaria wako uyarudie yote, usipunguze."

"Mama, na wazee kesho?"

"Wazee watakuja binti akisema waje. Mimi sitamsukuma wala sitamshika."

Akasimama, akarudisha miwani mkobani, akatoka nje. Jicho akabaki na karatasi mkononi, wino haujakauka vizuri, akitafuta pa kuishika bila kuichafua.

"Na ufunge mlango," sauti ikatoka barabarani, na bila shaka kinyozi na fundi viatu waliisikia. "Leo hurudi mapema."