Jibu Namba Nne

"Aliyeniandikia hivi ni nani?"

Mzee aliziweka karatasi juu ya kaunta moja baada ya nyingine, akizinyoosha kwa kiganja kama fundi anayepanga vipande vya shati kabla ya kushona. Zilikuwa kumi na tisa, na zote zilibeba maneno yaleyale: *Ndugu mchezaji, asante kwa maoni yako. Mfumo wetu ni wa haki na uamuzi wake ni wa mwisho. Tunakutakia siku njema.*

Mwanamke aliyeitwa kutoka ofisini aje kumsikiliza hakuhitaji kuzisoma. Hilo lilikuwa jibu namba nne. Alikuwa nayo majibu kumi na mawili tayari, yamepangwa kwa namba, na la nne alilibonyeza bila hata kuweka chini kikombe chake cha chai.

"Ni mimi, mzee," alisema.

Mzee alisogeza uso karibu na wake, akafinya macho, akamkagua.

"Wewe? Mimi nilidhani mashine. Ingekuwa mashine ningeisamehe."

Ofisi nzima ilimwita Mama Maoni, na jina hilo alilipenda. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu walichoandika watu waliocheza sataranji kwenye programu yao ya mtandaoni: saa inakwenda mbio, ngome inaganda, rangi za ubao zinaumiza macho, aliyenifunga jana ni mwizi na mama yake ni mwizi. Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, alimcheka kila akirudi nyumbani: "Wewe umeajiriwa kutukanwa." Lakini kila wiki Mama Maoni alichagua malalamiko kumi, akayapeleka kwenye kikao, na Injinia akakuna kichwa, akanung'unika, mwishowe akatengeneza. Saa kubwa iliyo juu ya ubao ilitokana na barua ya dereva wa lori. Kitufe cha kuuliza "una uhakika?" kilitokana na mama mmoja mwenye vidole vinavyotetemeka. Mama Maoni mwenyewe hakujua kucheza, ila hakuna mtu duniani aliyejua zaidi yake jinsi mchezo ule unavyowaudhi watu.

"Kule kwenye mchezo mimi ni Sindano," mzee alisema. "Nimeshona nguo miaka arobaini. Macho yalipokataa kuona tundu la sindano, nikaacha cherehani, nikabaki na sataranji. Kila jioni nacheza na kinyozi wa mtaani kwetu. Sasa jina langu limepigwa alama nyekundu. Mdanganyifu. Kinyozi amekataa kucheza na mimi. Unajua kaniambia nini? 'Sindano, hata wewe!'"

Sauti yake ilipanda, na mlinzi wa mlangoni akageuka.

"Unajua mafundi wa nguo wanavyosemwa, binti yangu. Ukileta yadi tatu, nusu yadi inapotea. Mimi sijawahi kubaki na kitambaa cha mtu, hata cha kutilia kiraka. Halafu nyinyi mnaniita mwizi wa mchezo wa ubao!"

Mama Maoni alitoka nyuma ya kaunta. Kusema kweli hakuwa amemwamini bado. Wadanganyifu wote walioandika waliapa, na wengine waliapa kwa uchungu kuliko watu wa haki. Alimketisha kwenye benchi, akamwomba amwonyeshe anavyocheza.

Aliyetiwa alama hakuna mtu aliyekubali kucheza naye, basi mzee akafungua mchezo na mashine. Alisukuma askari mmoja. Mashine ikajibu. Hapo mzee akabonyeza kitufe kidogo pembeni ya simu, na picha nyingine ikafunika ubao mzima: farasi mmoja mkubwa kama kiganja, na kando yake nusu ya askari. Kilikuwa kioo cha kukuzia maandishi, programu aliyowekewa na muuguzi wa hospitali ya macho. Mzee aliisogeza picha kushoto, akaisogeza kulia, akafunga kioo, akacheza. Akafungua tena.

Mama Maoni alihesabu. Kufika mzunguko wa kumi na nne, mzee alikuwa ameufunika ubao mara kumi na nne, na Mama Maoni akaacha kuhesabu.

Kwa sababu sheria iliyomtia mzee alama aliijua. Aliizaa yeye. Miezi minne nyuma alikuwa ameingia kikaoni na malalamiko mia sita na kumi na moja ya watu waliochoshwa na wadanganyifu, wale wanaotoka kwenye ubao katikati ya mchezo, wanakwenda kuuliza programu nyingine icheze nini, kisha wanarudi kifua mbele. Aligonga meza siku ile. Alisema wachezaji wamelia vya kutosha. Injinia akauliza, "Sawa, mtu akitoka kwenye ubao mara ngapi ndiyo tumhukumu?" Na yeye, ambaye hajawahi kusukuma hata askari mmoja, akajibu, "Kumi." Kumi aliitoa hewani. Ilikuwa namba nzuri tu mdomoni.

Na programu haikujua tofauti ya mtu aliyekwenda kuuliza na mtu aliyekwenda kuvaa miwani.

"Baba," alisema, "naomba simu yako. Na hizo karatasi. Usiondoke."

"Niondoke niende wapi? Kinyozi ananicheka."

*

Kikao cha asubuhi kilikuwa na desturi yake. Kabla ya lolote, Mkurugenzi alicheza mchezo mmoja wa haraka na mchezaji yeyote aliyekuwa mtandaoni, ubao ukaonyeshwa ukutani ili wafanyakazi wote waone. Alijiita Mwamba. Alikuwa mchezaji mzuri, na ubaya wake ni kwamba alijua.

Mama Maoni aliingia akazimwaga zile karatasi mezani.

"Tumewatia alama watu wasioona vizuri," alisema. "Mtu akifungua kioo cha kukuzia, mfumo unahesabu ametoka kwenye ubao. Huyu mzee hajaiba kitu. Yuko hapo nje."

Mkurugenzi alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Mama Maoni alilijua tangu siku ya usaili.

"Mama Maoni, aliyeshindwa hakosi sababu. Leo macho, kesho mgongo."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona kwa macho yako, na wewe huchezi." Wawili watatu wakacheka. "Sheria ni ya haki kwa sababu haimjui mtu."

Hapo hasira ilimpanda hadi masikioni. Haikuwa ile ya kulia chooni. Hii ilikuja imetulia, na ilijua inapokwenda.

"Kama ni ya haki, bosi, icheze. Weka kioo hiki kwenye simu yako, ukifungue kila mpinzani akicheza, kama anavyofanya mzee. Mchezo mmoja tu. Sisi sote tutazame hapo ukutani."

Mwamba hakuweza kukataa mbele ya watu wake. Kioo kikawekwa. Akacheza vizuri, akitania, akifungua na kufunga. Alikula askari wawili na farasi mmoja. Mara ya kumi na moja alipofungua kioo, ubao uliganda ukutani. Pembeni ya jina Mwamba likatokea duara jekundu, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa: MDANGANYIFU. Mpinzani, mtu asiyejulikana wa mahali pasipojulikana, akaandika: *Nilijua tu. Wewe mwizi.*

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua. Hakuna aliyemgeukia.

"Ondoa hiyo," Mkurugenzi alimwambia Injinia.

"Sasa hivi?"

"Unataka nikae nayo mpaka lini? Watu wananijua kwa jina hilo!"

Injinia aliinama juu ya kompyuta yake. Dakika mbili hazikufika, duara likatoweka, Mwamba akawa msafi kama aliyetoka kuoga. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu. Mama Maoni alimgeukia Injinia.

"Na ya mzee?"

"Hao tutawaangalia kwenye toleo lijalo," Mkurugenzi alisema. "Kwa utaratibu."

"Toleo lijalo ni miezi mitatu."

"Basi miezi mitatu."

"Dakika mbili!" Mama Maoni alipiga meza, na karatasi kumi na tisa zikaruka. "Jina lako dakika mbili, jina lake miezi mitatu? Wewe umelivaa hilo neno muda wa kufumba jicho ukapiga kelele. Yeye amelivaa miezi minne, anapita nalo mtaani, na mimi namwandikia siku njema! Siku njema mara kumi na tisa!"

"Punguza sauti. Nani aliyesema kumi? Nani aliyegonga meza hiihii?"

Lilikuwa kofi, na lilimpata palepale.

"Ni mimi," alisema. "Sina wa kumsingizia. Ndiyo maana sitoki humu."

Injinia ndiye aliyejibu, akiitazama kibodi yake kwa aibu. Alisema waliotiwa alama walikuwa mia mbili na zaidi, na wengi wao ni wadanganyifu kweli. Yeye hana namna ya kujua nani ana macho mabovu. Mfumo hauandiki macho.

"Wao waliandika," Mama Maoni alisema. "Walituandikia sisi."

Mkurugenzi alisimama, akachukua simu yake. "Majina fanyeni mtakavyo. Lakini sheria haiguswi mpaka toleo lijalo. Sitawafungulia wezi mlango kwa sababu ya miwani ya mtu." Akatoka.

*

Kulikuwa na kapu la barua za walioadhibiwa. Mama Maoni alilisoma mwisho kila siku, akiwa amechoka, na nyingi hakuzisoma; aliona alama nyekundu akabonyeza namba nne. Sasa alizifungua zote, moja moja, na kila aliyoifungua ilimchoma. *Mimi nina mtoto wa jicho.* Namba nne. *Natumia kioo cha kukuzia, je, ndicho kinachonikosesha?* Mtu alikuwa amejibu swali lao wenyewe, bure, wiki kumi zilizopita. Namba nne. *Mwanafunzi wangu ameuliza kama mwalimu naye huiba.* Namba nne, namba nne. Alijitukana kwa sauti, matusi ambayo wachezaji walimfundisha.

Mpaka saa tisa alasiri alikuwa na majina thelathini na saba. Alisimama nyuma ya kiti cha Injinia, akamsomea moja baada ya jingine, na Injinia akafuta bila kuinua kichwa. La kwanza lilikuwa Sindano.

Walipomaliza alikwenda mapokezi. Mzee alikuwa palepale kwenye benchi, amekataa maji, amekataa biskuti. Mama Maoni alimrudishia simu.

"Tazama jina lako, baba."

Mzee aliisogeza simu mpaka ikagusa pua. Alilitazama jina muda mrefu. Hakushukuru, na Mama Maoni alifurahi kwamba hakushukuru. Alimpigia kinyozi, akasema maneno matatu tu: "Fungua mchezo. Tazama." Punde mwaliko ukaja, ubao ukafunguka, saa kubwa ikaanza kuhesabu.

Mzee alisukuma askari wa mfalme. Kinyozi akajibu. Kidole gumba cha mzee kikaenda chenyewe kwenye kile kitufe cha pembeni, na Mama Maoni akamdaka mkono.

"Usifungue."

"Bado inahesabu?"

"Bado. Wamekataa kuiondoa. Nitapigana nao kesho, na kesho kutwa, lakini leo bado."

Mzee aliuvuta mkono wake.

"Kwa hiyo jina mmelifua, macho mmeniachia vilevile."

"Ndiyo, baba."

Saa ilikuwa inakula dakika zake. Mzee aliitazama simu ambayo kwake ilikuwa ukungu wenye madoadoa, kisha akamsukumia mikononi.

"Nisomee."

"Mimi sijui kucheza."

"Nani amekuomba ucheze? Kinyozi anajua siku hizi nasomewa hata gazeti. Kusoma ndiyo kazi yako. Soma."

Mama Maoni akaketi kando yake, mabega yakigusana. Mwanzoni aligugumiza: askari wake wa katikati amekuja uso kwa uso na wako, farasi wake wa kushoto, hapana, wa kulia, ameruka. Mzee alifumba macho. Alisema, "Mlete farasi wangu mbele ya askari wa pili," na Mama Maoni akamleta kwa kidole kimoja. Wafanyakazi walianza kutoka, wakipunguza mwendo walipofika kwenye benchi. Mkurugenzi naye akatoka, mkoba mkononi, akasimama mlangoni.

Mama Maoni alimwona. Hakushusha sauti, aliipandisha, ikajaa mapokezi yote mpaka barazani.

"Malkia wake ametoka, baba," alisema. "Tunafanyaje?"